KABLA HUJAPANDA NGAZI: MICHENZANI NA MAISHA YA GHOROFANI

Katika miji yetu neno "ghorofa" halishangazi tena. Zamani mtu aliyesema kuwa anakaa ghorofani alidhaniwa mara moja kuwa mkubwa serikalini au mfanyabiashara mwenye duka lake. Leo karani, dereva, mwalimu na muuguzi wote huulizana kama wakati haujafika wa kukiacha chumba cha kupanga katika nyumba ya uani, na kuhamia katika jengo lenye milango arobaini. Viwanja vya mjini vimekuwa adimu, na vile vinavyopatikana viko huko ambako mfanyakazi hana budi kusimama kituoni kabla ya adhana ya alfajiri. Basi wajenzi wanajenga kwenda juu badala ya kwenda kando, nasi tunaalikwa kupanda.

Swali si kama maghorofa ni mazuri au mabaya. Swali ni kama maisha ya humo yanaifaa jamaa yako wewe, ndugu msomaji, yenye bibi mwenye magoti mabovu, watoto watatu wasiotulia, na jiko la mkaa ambalo mama watoto hayuko tayari kuachana nalo.

Kwa kulitafuta jibu, wengi huenda katika ofisi ya muuzaji, ambako hukuta ukutani picha ya jengo ambalo halijajengwa, chini ya mti ambao haujapandwa. Safari hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Yafaa kwenda kwa watu waliokwisha kukaa ghorofani zaidi ya nusu karne, wakazaa humo, wakaoza humo, na wakazika wazee wao kutoka humo. Watu hao wako ng'ambo ya maji, kisiwani Unguja, katika mtaa wa Michenzani.

Boti za siku hizi huvuka kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi kwa muda wa saa mbili hivi. Mgeni wa kawaida akishashuka hupotelea katika vichochoro vya Mji Mkongwe akipiga picha milango ya nakshi. Anayetaka kuona Michenzani huelekea Darajani, akaikata ile barabara kubwa ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari. Mkono huo ndio uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ulifukiwa, daraja likaondoka, na jina la Darajani likabaki. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, pasipo haraka, kupita wauza ndizi, mafundi wa simu na wauza nguo za mitumba.

Kisha ghafula macho hupata upana. Barabara mbili pana zinakutana kama msalaba, na kandokando yake yamelala majumba 10 marefu ya saruji, baadhi yake yakikaribia mita 300 kutoka ncha hadi ncha. Watu huyafananisha na treni iliyosimama, na mfano huo ni wa haki: madirisha yamefuatana kama ya mabehewa, na majumba yenyewe yamepewa nambari tu, hayana majina. Penye njia panda pamesimama mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, uliojengwa kwa ajili ya sherehe za mwaka 2014. Kisiwandui, ambako Mzee Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 na ndiko alikozikwa, ni jirani kabisa.

Majumba haya ni kazi yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani ya Mashariki ilisaidia kujenga majumba ya kwanza ya ghorofa huko Kikwajuni na Kilimani. Mwaka 1968 mtaalamu wa mipango miji wa nchi hiyo, Hubert Scholz, alitoa ramani ya kuujenga upya mji wa Zanzibar, na Serikali ya Mapinduzi ikaichukua ramani hiyo ikaikuza. Nia ilikuwa kuibadili Ng'ambo yote: zile nyumba za udongo na boriti, ambazo wakoloni waliziona kama kambi ya watumishi na wachukuzi wa Mji Mkongwe, ziondoke, na mwananchi apande juu akae penye hewa, bomba na umeme. Watu walijitolea kubeba mawe na mchanga. Majumba yalipanda Michenzani. Mengine ya namna hiyo yalijengwa shamba, Makunduchi na Bambi, na kisiwani Pemba katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani. Hapo Michenzani peke yake zilipatikana nyumba zaidi ya 1,000. Aliyebomolewa nyumba yake alipewa nyumba ghorofani bila kulipa. Kazi haikwisha kwa zamu moja. Majumba ya mwisho yalikamilishwa miaka mingi baada ya mwasisi kufariki.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ghorofa la Michenzani halikujengwa kwa ajili ya faida. Hapakuwa na muuzaji wa kumdanganya mnunuzi. Palikuwa na nia njema, saruji ya kutosha, na kuta ambazo hata leo ni nene na imara. Kwa hiyo matatizo yaliyojitokeza hayawezi kusingiziwa tamaa ya mtu. Yametokana na ghorofa lenyewe, na mtu yeyote anayefikiri kuhamia ghorofani, awe Unguja, Dar es Salaam au Dodoma, atakutana nayo kwa sura moja au nyingine.

MAJI HAYAPENDI KUPANDA

La kwanza ni maji. Bomba lilifika kila jikoni, lakini nguvu ya kuyasukuma maji hadi juu ilikuwa haba, na kwa miaka mingi waliokaa ghorofa za juu walifungua bomba wakasikia upepo tu. Ikabidi kuteremka na ndoo. Sasa fikiria, ndugu msomaji: ndoo moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na familia ya watu sita haimalizi siku kwa ndoo nne. Aliyekuwa akiteremka na kupanda si mwenye nyumba aliyesifiwa kuwa anakaa ghorofani. Alikuwa ni mke wake, binti yake, au mtoto wa nduguye aliyeletwa kutoka shamba ili asome.

Bibi mmoja niliyemwamkia kwenye ngazi za ghorofa ya tatu aliitikia marahaba, akaweka kikapu chake chini ili apumue, kisha akanieleza kwamba alihamia humo akiwa mwali na kwamba ngazi hizo anazijua kwa hesabu. Alinitajia idadi ya vidato pasipo kufikiri. Nilipomwuliza kama angependa kurudi katika nyumba ya chini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Hapa, alisema, haingii mwizi, haingii mafuriko, soko la Darajani liko mlangoni, na hospitali ya Mnazi Mmoja anaifikia kwa miguu yake. Lakini tangu magoti yaanze kumsumbua, huteremka mara moja kwa siku, na siku nyingine hateremki kabisa.

Kwa maoni yangu jibu hilo lina uzito kuliko vitabu vyote vya wataalamu wa makazi. Ghorofa humfaa mtu kwa umri wake, na umri haukai pale pale. Kijana aliyeoa juzi anaweza kukaa ghorofa ya tano pasipo lifti akaona raha tupu. Miaka thelathini baadaye nyumba ni ile ile, ngazi ni zile zile, ila yeye siye yule. Anayenunua, basi, ajihesabie miguu atakayokuwa nayo siku za uzee, wala asitegemee lifti kwa sababu tu ipo siku ya uzinduzi. Lifti ni mashine inayokula umeme na vipuri, na hapana budi pawepo mtu wa kuvilipia.

UANI NA BARAZANI

La pili ni jambo ambalo mchoraji wa ramani hakulitilia maanani, kwa kuwa huko alikotoka halipo. Nyumba yetu ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, ina mbele na ina nyuma. Mbele pana baraza, mahali pa kahawa, bao, habari za mjini na wageni ambao si lazima waingie ndani. Nyuma pana ua, na uani ndiko kwenye nusu ya maisha: jiko, kamba ya nguo, kinu, kuku wawili watatu, mtoto anayeogeshwa katika karai, na mazungumzo ya wanawake ambayo wanaume hawana haja ya kuyasikia. Ghorofa limevifuta vyote viwili kwa mkupuo mmoja, likaweka mahali pake roshani ya hatua nne.

Wakazi wa Michenzani hawakukubali. Baraza waliiteremsha hadi chini, wakaweka mabenchi kwenye milango ya ngazi na chini ya miti, na jioni uwanja ulio kati ya jumba na jumba hujaa watu kama ukumbi wa harusi. Mwenye kuuza kahawa yupo, mwenye kuuza mishikaki na mihogo ya kukaanga yupo, vijana wako kwenye karata. Maskani ya Kisonge, ambayo ubao wake wa maneno ya siasa unajulikana visiwani kote, iko papo hapo. Nyumba nyingi za chini zimegeuzwa maduka, vibanda vya kinyozi na vyerehani. Mgeni anayetoka Dar es Salaam, aliyezoea kuambiwa kwamba ghorofani kila mtu hufunga mlango wake asimjue jirani, atashangaa. Ujirani upo, ila umehitaji uwanja. Pale ambapo mjenzi amekula uwanja wote kwa maegesho ya magari, sijui watu watauweka wapi.

Ua, hata hivyo, haukurudi. Kutwanga ghorofani ni ugomvi, kwa sababu sakafu yako ni dari ya mwenzio, na kila mchi unaoanguka kwako humwangukia yeye kichwani. Mkaa kwenye roshani hupeleka moshi kwa jirani wa juu, na nguo zake zilizolowa hukudondokea wewe. Wengi wamehamia kwenye gesi, jambo jema, ingawa mtungi nao una uzito na haupandi wenyewe.

Tena nyumba ya ghorofa haiongezeki. Huku chini kijana akioa huongezewa chumba uani, tofali moja moja, hata ikichukua miaka miwili. Ghorofani vyumba ni vile vile siku zote. Michenzani nilielezwa habari za nyumba ambamo bibi, watoto na wajukuu wanabanana katika vyumba vilivyokusudiwa mtu, mkewe na watoto wao wadogo. Mwenye nyumba akifariki, urithi nao una shida yake: shamba hugawanyika, hata nyumba ya vyumba sita hugawanyika kwa kiasi fulani, lakini nani atarithi sebule na nani jiko?

Na kwa kuwa nimetaja kufariki, niseme na la msiba, ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Msiba wetu ni wa watu wengi. Michenzani hutandika mikeka na kuweka viti chini, uwanjani, wanawake wakabaki juu, na watu wazima wa mtaa wanajua namna ya kuipindisha jeneza kwenye kona ya ngazi bila ya kumdhalilisha maiti. Katika jengo jipya la kulipia, uliza mapema: siku ya msiba turubai litafungwa wapi, na je, kanuni za jengo zinaruhusu? Nimeona wenye majengo fulani jijini wakitaka wageni waandikishwe mmoja mmoja kwenye kitabu cha mlinzi. Hebu fikiria mia mbili waliokuja kukuzika.

TUREJEE DAR ES SALAAM

Huku bara tunayo yetu ya kutazama. Magomeni Kota palikuwa na nyumba za chini za tangu enzi ya mkoloni, na kaya 644 zilizoondolewa ili pajengwe upya. Zilingoja miaka karibu kumi zikiwa zimetawanyika kwa kupanga huku na huku. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwaahidi wakazi hao kwamba watajengewa na kukaa miaka mitano bila kodi, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua majengo yaliyojengwa na Wakala wa Majengo. Anayepita barabara ya Morogoro huyaona yamesimama, marefu na safi, mahali ambapo palikuwa na paa za chini na miti ya uani. Waliorudi ni wale wale waliozoea baraza, wengi wao wazee, na kaya 644 zikiwekwa pamoja ni kijiji kizima kilichosimamishwa wima. Yaliyowapata Wazanzibari yanawahusu neno kwa neno.

Liko tofauti moja kubwa kati ya kupanga na kumiliki, na hapa ndipo mfanyakazi anaweza kupoteza akiba ya maisha yake. Yule anayekaa katika nyumba za zamani za Upanga au Kariakoo zilizotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, zikawa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye, mwaka 1990, chini ya Shirika la Nyumba la Taifa, ni mpangaji. Paa likivuja humlalamikia mwenye nyumba. Anayenunua nyumba ndani ya jengo leo ni mwenye nyumba, na paa likivuja atajilalamikia mwenyewe, pamoja na wenzake wote wa jengo hilo.

Sheria namba 16 ya mwaka 2008 ndiyo iliyoweka utaratibu huo Tanzania Bara, na Zanzibar wana yao, namba 10 ya mwaka 2010. Kwa ufupi, mnunuzi hupata hati ya sehemu yake, yaani vyumba vilivyo ndani ya kuta zake. Ngazi, paa, lifti, matangi ya maji, mabomba makuu na uwanja ni mali ya wote kwa mafungu. Wamiliki huwa na chama chao, chenye kanuni na michango, na mchango huo si hisani: ni deni. Kwa hiyo mtu anayeuliza bei ya nyumba peke yake ameuliza nusu ya swali. Aulize vilevile kila mwezi ni shilingi ngapi, nani anazishika, zimewekwa benki gani, na wangapi hawajalipa. Jengo ambalo nusu ya wakazi hawalipi litavuja hata kama marumaru zake zinang'aa. Umeme hauleti ubishi mwingi, kwa kuwa kila mlango una mita yake ya LUKU. Maji ndiyo yanayogombanisha, pale mita inapokuwa moja na mwenye watu wawili anapolipa sawa na mwenye watu tisa.

Aangalie pia hati. Ardhi ya nchi yetu ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Kama jengo limesimama juu ya hati ambayo imebakiza miaka michache, au ambayo iko rehani benki kwa deni la mjenzi, mnunuzi wa ghorofa ya sita ananing'inia zaidi ya anavyodhani. Na kama mjenzi bado hajagawa hati kwa sehemu, basi kinachouzwa kwa leo ni ahadi. Wapo wanaotimiza ahadi. Nenda hata hivyo ofisi ya ardhi, ulipe ada ya upekuzi, usome mwenyewe.

Sasa ghorofa linamfaa nani? Kwa niliyoyaona, linamfaa mtu ambaye kazi yake iko mjini na ambaye nauli na saa za njiani vinamla kuliko kodi. Linamfaa mwanamke anayeishi peke yake au na watoto, ambaye usiku anataka mlango mmoja wa chuma na majirani wanaosikia akipiga kelele. Linawafaa vijana waliooana wenye mtoto mmoja au wawili, mradi roshani iwe na vyuma virefu ambavyo mtoto hawezi kuvipanda. Halimfai mwenye kutegemea ua kwa riziki yake: anayepika vitumbua vya kuuza, anayefuga kuku, fundi seremala, fundi gereji. Mtu huyo akihamia ghorofa ya nne ameacha nyumba na ameacha kazi kwa siku moja. Wala halimfai yule ambaye mlango wake haufungwi kwa wageni kutoka kijijini, isipokuwa awe tayari kuwaambia mapema kuwa vyumba ni viwili na havitanuki. Na mwenye mzazi mgonjwa atafute ya chini, hata kama ni ghali zaidi au vumbi la barabarani linaingia dirishani.

Kama baada ya yote hayo moyo bado unataka kupanda, usilitazame jengo asubuhi ya Jumamosi pamoja na dalali, maana saa hizo kila jengo ni tulivu. Nenda jioni ya siku ya kazi, watu wanaporejea, usikie kelele zao na uone magari yanagombania wapi. Rudi wakati wa masika, mvua kubwa ikiwa imekatika tu, upande hadi ghorofa ya mwisho kabisa na uitazame dari. Rudi mara ya tatu siku ambayo umeme umekatika. Simama chini penye ngazi kwa nusu saa, uone ni nani wanaobeba maji, wamebeba ndoo ngapi, na wanapumzika kwenye ghorofa ya ngapi.